Nukta Mkato ya Mstari wa Tisa

Kigongo, 3 Agosti 2025

Mwanangu Modesta,
Habari za Dar? Mimi mzima, mgongo tu. Tangu daraja lifunguliwe kivuko kimesimama, na mimi niliyewakatia abiria tiketi miaka ishirini na sita sina zamu ya kwenda. Hii ni barua pepe ya nne tangu tumzike mama yako, na hujajibu hata moja. Najua sababu: siku anakata roho nilikuwa zamu.

Nimeanza darasa la kompyuta Nyegezi, na watoto wa rika la wajukuu. Mwalimu Nestory aliniuliza nataka nini, nikasema Java, ile lugha ya kuandikia programu, maana ndiyo kazi yako.
Baba yako

Kigongo, 29 Agosti

Modesta mama,
Hujambo? Programu yangu inapakia magari kivukoni, yakifika thelathini na sita iseme kimejaa. Haisemi, inazunguka tu mpaka nizime kompyuta. Nimekubandikia hapa chini. Mwalimu naye kanichoka.
Baba yako

Dar es Salaam, 29 Agosti

Shikamoo baba,
Sijambo, kazi nyingi. Kila gari likipanda, hesabu yako inabaki sifuri. Andika magari++, yaani ongeza moja, kabla ya kufunga mabano.
Mwanao

Kigongo, 14 Septemba

Marahaba mwanangu,
U mzima? Imekubali, kivuko kikajaa. Nilifurahi peke yangu humu ndani. Jirani Evelina kaniletea samaki sato wawili, nimekula mmoja. Krismasi utakuja?
Baba yako

Kigongo, 19 Oktoba

Mwanangu,
Salamu sana. Mwezi umepita kimya. Sasa programu imegoma, inatoa maandishi mekundu, mstari wa tisa. Naomba msaada.
Baba yako

Dar es Salaam, 19 Oktoba

Shikamoo baba,
Afya vipi? Mstari wa tisa hauna nukta mkato mwishoni. Iweke. Nimechoka, baba, kazini hawanipi hata nafasi ya kula.
Mwanao

Kigongo, 9 Novemba

Mwanangu,
Pole na kazi, ila hakikisha unakula. Imegoma tena. Nadhani ni mabano.
Baba yako

Dar es Salaam, 16 Novemba

Shikamoo baba,
Mgongo unaendeleaje? Nimechelewa kujibu kwa sababu nimezilinganisha programu zote ulizonitumia. Ni ile ile iliyokubali Septemba. Oktoba ulitoa nukta mkato, sasa umetoa mabano. Unaiharibu mwenyewe ili nikujibu. Nilicheka, halafu nikalia mbele ya wenzangu.

Baba, uliniita Jumatatu, ukasema mama hali si nzuri. Nikasema nimalize kazi ya wiki kwanza. Alikufa Alhamisi. Hata mimi nilikuwa zamu. Nikakukasirikia wewe, maana kujikasirikia mwenyewe kulinishinda. Nisamehe.

Nitashuka stendi ya Nyegezi tarehe 22 Desemba. Ukitaka kuniandikia, niandikie tu, programu uiache nzima.
Mwanao Modesta

Kigongo, 16 Novemba

Marahaba mwanangu,
Yameisha. Mabano nimeyarudisha. Nitakuwa stendi tangu asubuhi, sina zamu.

Ila programu, ingawa inakubali, ina kosa moja la kweli, mstari wa pili, hilo sikuliweka kwa makusudi. Usinitumie jibu. Utaliona ukija.
Baba yako