Vibati Viwili Katika Sura ya Tisa

Cincinnati, 4 Aprili 1932

Kaka Denzil,

Kabla ya salamu nakuomba: usimsomee mtu barua hii, hata Mama, na ukimaliza itie motoni. Sasa, hujambo? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sipati.

Napiga taipu riwaya mpya ya tajiri wangu, Bwana Thorne. Unawajua mashujaa wake: hawahutubii, wala yeye hatuambii wanawaza nini. Huonyesha mikono yao tu, kisha sura inakatika kabla tendo halijatimia. Nilikuwa nawapenda. Leo nimefika sura ya tisa. Mchimbaji makaa ya mawe anatundika vibati viwili vya shaba, chake na cha mwenzake, kwenye ubao wa wanaoingia zamu, ili askari wa kampuni wadhani mwenzake yumo mgodini, kumbe mwenzake huyo, mtu wa chama cha wafanyakazi, anavuka mlima kukimbia. Mchimbaji huyo amekatika kidole, kama wewe.

Nani amemwambia? Askari wakisoma watakujua papo hapo.

Mdogo wako,
Lottie

Bonde la Cutter, Kentucky, 11 Aprili

Mdogo wangu Lottie,

Salamu nyingi. Mama anakohoa lakini bado anagomba, basi hajambo.

Nilimwambia mimi. Alipopita huku vuli alikaa barazani akinywa kahawa yetu chungu, hakuuliza kitu. Mtu akinyamaza vile, unajikuta unakijaza kimya chake.

Clell, yule mwenzangu aliyevuka mlima, alifika salama, hilo ndilo la maana. Ila askari bado wanamtafuta aliyetundika kibati chake. Juzi wamemfukuza jirani yetu Hobart kwenye nyumba ya kampuni, na vyombo vyake kuvimwaga barabarani, kwa kumshuku tu. Nami nilisimama pale kimya. Jambo hilo linanila. Kwa hiyo iache sura hiyo, wajue. Wewe tangu utotoni unaogopa hata bata.

Niambie tu, kitabuni mikono yangu inatetemeka? Maana siku ile ilitetemeka.

Kaka yako,
Denzil

Dayton, 23 Aprili

Kaka Denzil,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na bado mko nyumbani.

Haitetemeki. Nilimwomba Bwana Thorne akiondoe kile kibati. Akanijibu kwa upole, "Binti, bila kibati huyo si shujaa, ni mtu aliyechelewa kazini." Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema anajua, ndiyo maana sura imetoka vizuri. Mswada ulikuwa uende kwa mchapishaji kesho yake.

Alipokwenda kula, nilitia sura ya tisa ndani ya koti, mwandiko wake na nakala zote. Kwenye vitabu vyake ingekatikia hapo, mkono wangu ukiwa kwenye kitasa. Mimi ilibidi niteremke ngazi, nimsalimu bawabu, nimjibu habari za mvua huku nimelibana koti.

Ataiandika upya, kichwani anayo. Lakini itamchukua muda, na muda huo ni wako wa kuondoka. Ukishatoka Kentucky, iandikie kampuni kwamba ni wewe, Hobart arudishiwe nyumba. Si kabla.

Usiandike tena ofisini. Mchukue Mama, mshuke kituo cha treni cha Dayton. Nyuma yake kuna duka la dobi la Bibi Kessler. Msigonge mlango wa mbele. Piteni uani, semeni mmeleta mashuka, muulizieni Ruth Combs. Ndilo jina langu sasa.

Mdogo wako