Fyuzi Inayokatika

Jumanne. Baridi, na upepo wa Dodoma umeamka kabla yangu.

Jana nilimaliza eda. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya nyumba hii ya Majengo, na leo nilipotoka kwa mara ya kwanza sikwenda kumsalimia mtu yeyote. Nilikwenda kununua fyuzi.

Cherehani ya marehemu mume wangu, ile kubwa ya mota aliyoshonea sare za shule, ilizimika wiki iliyopita. Nilikuwa najifunza. Miaka yote yeye alishona, mimi nikatoboa matundu na kukaza vifungo. Sasa shule ile ile imeleta kazi ya Julai, na mshonaji nimebaki mimi. Nilikanyaga pedali kwa hasira, kama nifanyavyo kila kitu. Kitambaa kikakwama, nikazidi kukanyaga, mara kimya.

Nililia sana. Nililia kuliko siku ya mazishi kijijini kwao Kolo, na naona haya kuandika hivyo. Siku ile watu walikuwa wengi.

Kwa kuwa sikuruhusiwa kutoka, shemeji yangu alijitolea kuninunulia fyuzi. Akaleta ya ampea kumi na tatu. "Hii haikatiki, shemeji," akaniambia, "utaisahau kabisa." Alinitakia mema. Wengi wetu hapa tunaamini fyuzi nzuri ni ile inayodumu, na wapo wanaoizungushia ile karatasi ya rangi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kazi ikaendelea mpaka mota ianze kunuka.

Nilimshukuru, sikuiweka. Fyuzi kubwa hivyo huacha mota iungue, na hii ikiungua sina nyingine.

Marehemu baba Zuhura alikuwa na utaratibu wake. Fyuzi ikikatika hakukimbilia kuweka mpya. Alichomoa plagi, akazungusha gurudumu kwa mkono polepole, akatafuta kilichokwama. Alisema fyuzi haikatiki bure. Halafu alinitania mbele ya wateja kwamba nyumbani kwake fyuzi ni mimi: mama Zuhura akifoka, ujue nyumba imezidiwa.

Ilikuwa kweli. Akipokea kazi nyingi, nilifoka. Akipitisha saa ya chakula cha mchana, nilifoka. Yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Hata kwamba ana presha nilijua kwa kukuta kadi ya zahanati mfukoni mwa suruali niliyokuwa naifua.

Januari sare zilijaa mpaka juu ya kitanda. Aliacha kushona, akashika kichwa, akasema kinamgonga kidogo. Nilimwona vizuri. Lakini shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, nikainamisha uso na kuendelea na vifungo vyangu.

Siku ile sikufoka.

Alianguka alasiri. Mota iliendelea kuunguruma peke yake mpaka nilipopata akili ya kuchomoa plagi.

Watu wananiambia ni mipango ya Mungu, na mimi naamini. Ila kuamini kwangu bado hakujaniondolea ile picha ya mkono wake kichwani.

Basi leo asubuhi nilifanya kama yeye. Nilizungusha gurudumu kwa mkono, likawa zito. Chini ya sindano nikakuta uzi umejiviringa, nikautoa kwa kibano mpaka gurudumu likawa jepesi. Ndipo nikajitanda khanga nikaenda dukani.

Muuzaji, mwanamume wa rika langu, alinipa pole ya msiba, kisha akapanga fyuzi tatu juu ya meza. Nyekundu ya tatu, nyeusi ya tano, kahawia ya kumi na tatu. Ya tatu naijua, mota hii huvuta umeme kwa nguvu inapowashwa na ingeikata kila asubuhi. Nikaomba ya tano, ile aliyoitumia mume wangu siku zote. Muuzaji akanisogezea ya kahawia.

"Chukua hii, dada. Hii haikatiki."

"Nataka inayokatika, kaka."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mteja aliyekuwa akichagua balbu akageuka. Muuzaji akanifungia ile nyeusi.

Cherehani imewaka. Nimeshona upande mmoja wa sketi, na mshono umepinda kidogo, atakayeuona namwomba anisamehe. Mchana shingo ilipoanza kuniuma nilitamani nimalize na upande wa pili. Nilikaa na mguu juu ya pedali kwa muda.

Kisha nikazima.

Zuhura, binti yangu, alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Amerithi upole wa baba yake, huona kila kitu na hasemi. Nikamwita akae karibu yangu.

"Siku ukiniona nimeshika kichwa," nikamwambia, "usininyamazie, mwanangu. Foka."