Binti Yangu Anataka Uwakala, Barua Haandiki

Bi Kazija, Assalaam alaykum. Naomba msaada wako nikiwa na hasira na wala sitaificha, maana mimi ni mtu mzima wa hapa Wawi, karani mstaafu, nimelea watoto kwa heshima, na leo binti yangu wa mwisho, Khairat, muuguzi aliyeko Maskati, ananifanya sina maana. Mchumba kishapatikana huko, mahari yamekubaliwa na ndugu yangu Hamdan anayekaa naye, na mimi baba mzazi sijaandikiwa hata mstari mmoja wa kuombwa uwakala ili huyo Hamdan asimame badala yangu siku ya nikaha.

Utauliza kwa nini asinipigie simu. Masikio yangu yamechoka, kwenye simu nasikia upepo tu, na WhatsApp niliitoa kwa makelele ya magrupu, kwa hiyo tulikubaliana zamani kuwa jambo la maana lije kwa barua pepe, nilisome kwa miwani yangu kwenye kompyuta. Mama yake, Asma, huzungumza naye kila Ijumaa kisha hunirudia na hadithi ile ile: "Ntoto kaandika, bwana we! Kaandika na kaandika tena, weye ndo hujibu!" Nafungua kompyuta, hakuna kitu. Sasa mtu na mama yake wananidanganya mchana kweupe, na barua zangu zinavyoingia nazijua mimi kuliko wao.

Maana mimi si mzembe. Kompyuta yangu huvuta kila barua iliyoko kwenye seva na kuiteremsha nzima nzima, na bando nanunua kwa pensheni, kwa hiyo takataka zilipozidi, mara bahati nasibu nisizocheza, mara dawa nisizoziomba, nilikwenda kwa Ridha, fundi wa Chake, akaniambia, "Mzee, hizi tuziueni huko huko kwenye seva, isiteremke hata moja." Akanionesha pa kuandikia amri, kwamba barua yenye neno fulani ifutwe kabla haijanifikia, nami nikajifunza nikaendelea mwenyewe. Wakabaki wale wajane wa uongo, kila siku jina jipya na nchi mpya, "Assalaam alaykum ndugu yangu katika imani, marehemu mume wangu ameacha mamilioni ya sadaka," na juu yake picha nzito za hospitali za kunimalizia bando. Nilichukia kuona salamu ya Mwenyezi Mungu inafanywa chambo cha wizi! Majina yao hayafanani, basi nikawakamata kwa kile kinachofanana, nikaandika Assalaam alaykum kwa kila namna watu wanavyoiandika, yote ifutwe. Tangu hapo raha tupu, bando linafika mwisho wa mwezi.

Ila na jamaa nao ndio wamenitupa. Si Khairat peke yake, hata wapwa zangu, hata katibu wa kamati ya msikiti, kimya. Anayenikumbuka ni Bi Savitaben wa duka la vitambaa, ninayemsaidia makaratasi ya leseni, si damu yangu wala dini yangu, na haishi wiki bila "Habari za asubuhi, Mzee." Wanasema damu nzito kuliko maji, mimi naona maji ndiyo yanayonijulia hali.

Juzi Hamdan ametuma mtu kuniuliza kama uwakala natoa au sitoi. Nimeapa sitoi, na wakinisukuma nitamnyima na radhi zangu. Asma analia, lakini je, si haki yangu? Jina langu liandike, sina cha kuficha.

Mzee Mjaka, Wawi

BI KAZIJA ANAJIBU

Waalaykum salaam, Mzee Mjaka. Umetaka jina liandikwe, limeandikwa, na haya yanayofuata uyameze hivyo hivyo.

Barua yako umeianza kwa Assalaam alaykum. Ungejitumia mwenyewe isingekufika. Rudia kuisoma sentensi hiyo, nakungoja.

Sikutaka kukuhukumu kwa kubahatisha, nikakujaribu. Nilikuandikia barua pepe, nikaanza kwa salamu kama nilivyolelewa, nikakuuliza kama huyo mchumba ana kasoro. Kimya. Nikakuandikia tena swali lile lile, nikaanza na "Habari za asubuhi, Mzee." Ulijibu chai yangu haijapoa: mchumba ni mtoto wa watu wema wa Konde, huna neno naye. Tena ukanilaumu kwamba nimekawia kukuandikia! Niliandika, Mzee wangu. Ulinifuta.

Pemba hii, ni nani aliyelelewa akamwandikia mzee wake bila kumtolea salamu? Umeweka mlangoni amri ya kumtimua kila mwenye adabu, kisha unanung'unika hupati wageni. Mwanao kakuandikia kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoziua barua zake. Na mkeo, mwanamke wa watu, Ijumaa baada ya Ijumaa unamwona mwongo! Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wewe umemtanguliza Khairat.

Pole, kwa hilo la wajane nakuonea huruma. Wamemchosha kila mtu, na bando si bure. Kuzuia takataka huko huko kwenye seva kabla hazijateremka ni jambo la akili. Ujinga ni kufuta kitu ambacho hujakitia machoni. Nenda kwa Ridha leo, amri ya salamu iondoke. Barua za kutilia shaka zisifutwe, zisogezwe kwenye fungu la pembeni huko huko kwenye seva, nawe upitie majina na vichwa vyake tu bila kuteremsha barua nzima. Anwani za jamaa zako ziwekwe ziwe zinapita siku zote. Bahati nasibu endelea kuziua, hazina mwenyewe. Na kabla hujamaliza hayo usimwombe Khairat aandike upya, utaziua mara ya pili. Zile za mwanzo zimekwenda, hata Ridha hatazirudisha.

Sasa uwakala. Kumzuilia binti ndoa na mtu usiye na neno naye si haki ya walii, ni dhuluma, na kadhi akiridhika kuwa ndivyo, anaweza kumwozesha bila wewe. Utabaki na kompyuta safi, haina takataka wala haina watu. Kiapo kina kafara yake, muulize shehe wako akuelekeze. Andika uwakala kwa Hamdan mbele ya mashahidi na uutume kabla hujalala.

Lakini kabla ya kalamu, muombe radhi Asma, kwa mdomo wako, asikie. Kisha mwambie ampigie Khairat, yeye awe masikio yako. Kutoa salamu ni suna, kuijibu ni wajibu, na mtoto huyu amekutolea salamu miezi mizima bila kujibiwa. Shika simu, sema, "Waalaykum salaam, mwanangu." Hutasikia atakachosema. Usikate, mwache alie mpaka amalize.