Mwendo wa Ofisini

Mwanangu Solange,

Viatu vyako vya shule vimekamilika. Mama Hadija, yule mwenye duka la vitenge hapa Misiera, anakuja Mbarara Jumatatu kuchukua mzigo wake, na amekubali kukuachia hapo getini. Cha kushoto nimekiongezea soli unene wa kidole kimoja, kama kawaida, ila safari hii nimeipaka rangi vizuri, na rafiki zako wa bwenini hawataona tofauti mpaka uwaoneshe mwenyewe. Usivivae kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho, halafu uvivae.

Najua unacheka. Papa gani anaandika barua wakati simu ipo? Kwenye simu nimejaribu. Mara mbili nilianza, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama posho, ule ugali wenu wa shuleni, imeiva. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wateja wangu wote wanajua, lakini kuna neno moja ambalo kila nikifungua mdomo linarudi tumboni.

Juzi niliibandua ile insha yako uliyoandika darasa la sita, ya mtu unayemheshimu kuliko wote. Imekaa ukutani kibandani kwangu tangu uniletee. Ulinitafsiria Kiingereza chake sentensi moja moja huku nikigonga kisigino cha kiatu cha mteja, nikajifanya vumbi limeniingia machoni. "Mguu wangu ulipokuwa mbaya, Papa alinibeba mgongoni mpaka Ruharo, kwa sababu hakutaka nichelewe hata siku moja." Wateja wanaojua kusoma wananipongeza. Mimi nawaambia asante. Miaka hii yote nimekuwa nikisema asante.

Nianze pale ambapo huwezi kukumbuka. Ulikuwa na miaka mitatu. Goti lako la kushoto lilikuwa limeanza kutoka nje, na kila mwezi lilizidi kidogo. Majirani walisema ni matege tu, yataisha ukikua. Nesi aliyekupima hapa kambini hakusema hivyo. Aliandika karatasi, akaniambia nikupeleke kwenye hospitali ya misheni kule Ruharo, na nisikawie. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nilikuwa na nia ya kwenda wiki iliyofuata, na hilo naomba uliamini hata kama mengine yatakushinda.

Kabla ya wiki hiyo kuisha, jirani yetu Papa Dieudonné alipata safari ya kuhamia Kanada kupitia ofisi ya wakimbizi, yeye na watu wake wote. Alikuwa na mtoto mgonjwa wa moyo. Alikuja kibandani nimshonee mkanda wa begi, akakuona unapita ukimfukuza kuku, ukiyumba kwa ule mguu.

"Weye uko na bahati na hauioni," akaniambia. "Mutoto wa vile, batamutibiya kule. Ukimutengeneza hapa, faili yako itakuwa sawa na ya batu bote. Itakaa fasi moja."

Sijui alilitoa wapi hilo la mtoto mgonjwa kuharakisha faili. Ofisini hakuna aliyewahi kuniambia jambo kama hilo, na sikuuliza, maana niliogopa kuambiwa si kweli. Karatasi ya Ruharo nikaiweka kwenye sanduku la vifaa, chini ya misumari. Mama yako alipouliza tunakwenda lini hospitali, nilimwambia tungoje tuitwe kwanza.

"Huyu mutoto si fomu, Papa Solange," akasema.

Nikamjibu kwamba hajui mambo. Ndivyo nilivyomjibu, kwa sauti ya mtu anayejua. Baada ya hapo kila alipogusia, nilikasirika mapema ili anyamaze. Ilipita miaka minne namna hiyo.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Kiatu chako cha kwanza chenye soli nene nilikutengenezea ukiwa na miaka minne, kwa raba ya tairi la pikipiki. Ukikivaa ulitembea karibu sawa na wenzako. Ulijivunia, ukawa unawainulia wateja mguu wakione. Lakini kila tulipoitwa ofisini kwa mahojiano, asubuhi nilikuvua kiatu hicho na kukuvalisha kandambili. Mama yako nilimwambia kinangoja gundi ikauke. Nilitaka waone unavyochechemea.

Mara ya kwanza ulilia ukitaka kiatu chako. Nikakuambia ni mchezo wetu wa siri: kuna kutembea kwa nyumbani, na kuna kutembea kwa ofisini. Kwa ofisini tunakwenda polepole, tunainamia upande. Nikakuonesha mimi mwenyewe, nikichechemea nyuma ya nyumba, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Uliushika mchezo haraka sana.

Tuliitwa mara tatu. Mara zote tatu ulitembea vizuri, yaani vibaya. Yule mama aliyetuhoji aliuliza kuhusu kijiji chetu, njia tuliyopita, majina ya ndugu tuliowaacha. Aliandika kila kitu kwa utaratibu. Mguu wako ulikuwa chini ya meza, na sidhani kama aliuona hata siku moja.

Ulipoingia darasa la kwanza, mwalimu wako alimwita mama yako. Alimwambia unaanguka kwenye paredi ya asubuhi, na wenzako wakitoka kucheza unabaki kwenye benchi ukishika goti. Mama yako hakuniuliza chochote. Nilirudi kutoka kununua ngozi nikakuta sanduku langu liko wazi, misumari imemwagwa chini, karatasi haipo, na nyinyi wawili hampo. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka Ruharo, Solange. Mimi niliwafuata kesho yake, nikakubeba kutoka kitandani mpaka chumba cha picha za mifupa. Mgongo unaoukumbuka ni wa ile korido.

Daktari aliisoma ile karatasi iliyojaa alama za kutu, akatazama tarehe.

"Mzee, hii karatasi ni ya miaka nne," akasema. "Ulikuwa wapi? Ungeleta yeye wakati ule, tungemvalisha chuma tu. Saa hii mfupa imekuwa nguvu. Lazima tukate."

Nikamwambia barabara ilikuwa mbaya. Miaka minne ya barabara mbaya. Mama yako alitazama sakafu, na daktari akageukia kuandika.

Walikata mfupa chini ya goti, wakaunyoosha, wakakuweka plasta kutoka pajani mpaka vidoleni. Kilio chako siku ya kwanza sitakiandika hapa. Mengine unayakumbuka, na nataka uyakumbuke, maana hayo hayakuwa ya uongo. Mwalimu alikuwekea nafasi darasani karibu na mlango, mguu juu ya sanduku langu lililogeuzwa. Nilikubeba asubuhi na mchana muhula mzima, kwenda na kurudi. Ulikuwa unanipiga mabega na kuniambia, "Papa, ongeza mafuta," na tukifika kilimani, "Papa, gia." Wenzako walichora kwenye plasta mpaka pakakosekana fasi nyeupe. Mmoja alichora ng'ombe, ukasema ni mimi. Nilikuwa nafurahi asubuhi zile, mwanangu. Nilikuwa nafurahi kama mtu aliyefanya wema, na hilo ndilo linaloniaibisha sasa.

Halafu plasta ikatolewa, ukapewa magongo, na ikafika siku ya kuyaacha. Daktari alisimama mwisho wa korido, akakunyooshea mikono. "Kuja, toto. Tembea mpaka hapa."

Ulisimama. Mguu ulikuwa umenyooka, mfupi kidogo kuliko mwenzake, mwembamba, na ngozi imepauka. Hukumwangalia daktari. Uligeuka ukaniangalia mimi, ukaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, nitembee ya ofisi ao ya nyumbani?"

Daktari alicheka kidogo, akidhani ni utani wa familia. Mama yako hakucheka. Alikuwa hajawahi kuusikia mchezo wetu, lakini alinitazama, na nikaona anazikumbuka kandambili zile, asubuhi moja baada ya nyingine.

"Ya nyumbani," nikakuambia. "Tembea ya nyumbani, mama."

Ukatembea. Hatua saba, halafu ukamshika daktari mkono ukamwambia umechoka. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji. Mama yako alinifuata, akaninawisha uso kama mtoto, akasema, "Utamwambia siku moja. Mimi sitamwambia." Hajalitaja tena mpaka leo, na wala hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nimeahirisha ile siku moja kama nilivyoahirisha Ruharo. Nilisema nitakwambia ukimaliza darasa la saba. Ukamaliza. Nikasema ukiingia sekondari. Umeingia, uko hukohuko Mbarara, unapita karibu na hospitali ile ukienda kanisani Jumapili. Wiki iliyopita ulinipigia simu ukaniambia unataka kusomea udaktari wa mifupa, na ukikubaliwa utawaambia sababu ni papa yako. Sijalala vizuri tangu simu ile. Siwezi kuwa sababu hiyo mpaka ujue mimi ni sababu gani.

Faili letu bado liko mahali lilipo, na sisi bado tuko Misiera. Hata kama lingefunguka wakati ule na tukaenda, bado ningekuwa nimekosa. Kovu lile refu chini ya goti lako, unaloficha kwa soksi, halikuwa lazima. Ule unene wa kidole ninaokushonea kila mwaka haukuwa lazima. Nilikupenda na nikakutumia, vyote viwili, na siwezi kukuambia kimoja nikaficha kingine. Nisamehe, ukiweza. Ukihitaji muda, chukua, mimi niliuchukua wako bila kuomba.

Insha yako nimeikunja, iko ndani ya kiatu cha kushoto. Ukuta wangu una alama nyeupe pale ilipokuwa, na wateja wanauliza imekwenda wapi. Ukiona kuna la kusahihisha, sahihisha. Jina la mama yako lingekaa vizuri pale palipo na langu. Ukiona uichane, ichane. Ila kiatu usikikatae, soli haina kosa.

Likizo ikifika nitakuja kukungoja pale unaposhukia. Ukinipita bila kunisalimia, nitakufuata nyuma nimebeba begi lako, na sitasema neno. Tembea unavyotaka wewe.

Ni mimi papa yako,
aliyekuonesha kuchechemea