Nilimwombea Mheshimiwa Mbele ya Watu

Takoma Park, Oktoba 1998

Mama Dorothea mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima wewe na wa nyumbani kwako? Mimi mwili hauna neno, ila hofu imenimaliza. Namtunza mama mzee ambaye mwanawe wa pekee ni kiongozi wa chama chake katika bunge la jimbo, na mwezi ujao anarudi kwa wapiga kura, safari hii ana mpinzani mkali. Juzi alikuja kumsalimia mama yake, mara akashika kifua, akaegemea friji akashuka taratibu mpaka sakafuni, jasho tele, na alipopata nafuu akanishika mkono, "Leokadia, asijue mtu, hata mke wangu," nikaitikia. Sasa Jumapili jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa mwenzetu Edna kule Wheaton, tukafika pale pa kutaja wagonjwa kama siku zote, na huruma ikanizidi nikasema, "Tumwombee bosi wangu mheshimiwa, moyo unamsumbua," wakaitika, "Ee Bwana, utusikie," na aliyeitika kwa sauti kuliko wote ni Ferdinand, ambaye kila Jumamosi anabandika mabango ya yule mpinzani. Kwenye chai akaniuliza, "Dada Leo, kumbe betri ya bosi imekwisha na bado anataka kukimbia mbio za ubunge?" akacheka, mimi chai ikanishinda. Mama, mheshimiwa ndiye anayenishughulikia makaratasi ya kuishi huku ugenini, simu ikilia nadhani ni gazeti, nikishika Rozari napotea katikati. Ninyamaze, au nikamwangukie Ferdinand? Nakuomba unijibu upesi.

Leokadia

*

Leokadia, pole sana. Kuomba hukukosea. Ulikosea kumtaja kwa cheo, maana Mungu angemjua hata ungesema "mgonjwa mmoja." Ferdinand mwache, ukimwangukia, utakuwa umemhakikishia. Mpigie mheshimiwa leo, umweleze ulisema nini na mbele ya nani, asije akasikia kwa watu. Atafoka, na anaweza kukufukuza, sitakudanganya, kwa hiyo mwombe padre akutafutie mapema mwanasheria wa makaratasi yako. Gazeti likipiga, sema, "Muulizeni mwenyewe," ukate simu.

Lakini barua nzima unaogopa gazeti, makaratasi na Ferdinand, wala hukuandika popote kama huyo mtu ameonwa na daktari. Hilo ndilo la kuogopa. Mwambie aende kesho. Akikataa, mwambie mkewe, ahadi au si ahadi. Kiti cha bungeni hakitakosa wa kukikalia. Huyo mama unayemwogesha kila asubuhi hana mtoto mwingine.

Mama Dorothea