Miaka ya Mama Kwenye Karatasi

Dzaleka, Alhamisi, Juni 2016

Baridi ya leo haina adabu. Tumerudi jioni hii kutoka hospitali ya Lilongwe. Mama amejifunika vitenge viwili, amelala, nami nimeketi na simu yenye kioo kilichopasuka nikijaribu kuandika bila kulia.

Si machozi ya huzuni tu. Ninamstaajabia mama yangu.

Nianze na kosa letu. Tulipofika katika kambi hii ya wakimbizi, hapa Malawi, kutoka Bukavu kule Kongo, Mama alikuwa na mvi kichwa kizima ingawa umri wake ulikuwa bado mdogo. Karani alimtazama tu, akakisia, akamzidishia miaka kumi na minane. Mama hakubisha. Wanawake wengine hupunguza miaka. Mama aliipenda ile ya ziada. Kwenye foleni ya unga anapita mbele na wazee, kanisani anakaa benchi la kwanza, na majirani wote wanamwita Koko, yaani bibi. Ukweli tunaujua mimi na mdogo wangu Furaha.

Mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Leo daktari alitueleza, mimi nikitafsiri, kwamba ndani ya kila seli kuna jeni za ulinzi. Kabla seli haijagawanyika, zinaikagua. Zikikuta hitilafu, zinaisimamisha mpaka itengenezwe, au zinaiamuru ife. Seli nyingine zinasimamishwa kabisa: hazifi, ila hazigawanyiki tena, na zikirundikana mwilini zinachangia kutuzeesha.

Nilimwambia Mama ni kama yeye na cherehani yake: hakati uzi kabla ya kukagua mshono, na ukipinda anaufumua. Akaitikia kwa kichwa, macho yaking'aa. Mimi pia nilipendezwa. Nimeishi miaka ishirini na mitano bila kujua kwamba ninalindwa hivi, hata nikiwa nasonga ugali.

Kisha daktari akasema kwamba kwa kawaida hitilafu hujikusanya polepole, ndiyo maana saratani huwapata zaidi watu wa umri mkubwa. Lakini mtu akirithi jeni ya ulinzi iliyoharibika, ugonjwa unaweza kuja mapema, na watoto wake nao wanaweza kuirithi. Akatazama kadi ya Mama. Miaka sitini na mmoja. Kwa umri huo, akasema, hakuona sababu kubwa ya kuwahofia mabinti.

Nikatafsiri, lakini sikuusahihisha umri ule.

Hilo ndilo ninalokiri hapa. Niliogopa kumwaibisha Mama. Niliogopa faili letu la kuhamia nchi nyingine lisije likaharibika. Na Furaha, ambaye ana miaka kumi na tisa tu, sikumfikiria hata kidogo.

Mama ndiye aliyesema. Alinishika mkono.

“Mwambie docteur ile karatasi inadanganya. Mi niko na miaka makumi ine na tatu. Na mama yangu alikufaka na ugonjwa ya titi, hakufikisha hata makumi ine. Batoto bangu bapimwe.”

Nilitafsiri: miaka arobaini na mitatu, si sitini na mmoja. Daktari akaweka kalamu chini. Hakugomba. Alisema kipimo cha jeni yenyewe hakipatikani hapa, lakini mimi na Furaha tuanze kuchunguzwa matiti sasa hivi, kisha kila mwaka. Tena akasisitiza kwamba hata aliyerithi si lazima augue.

Kwenye minibasi Mama alicheka peke yake.

“Kumbe mi nilizeekaka ku karatasi tu, bila faida!”

Nilicheka naye. Ameachia foleni, benchi na lile jina analolipenda, katikati ya maumivu yake, kwa ajili yetu. Je, mimi ningeweza?

Kesho asubuhi mimi na Furaha tunaenda kuchunguzwa kwenye kliniki ya kambi. Mama amekataa kubaki kitandani. Anasema atatusindikiza mpaka mlangoni, halafu ataenda kwa karani kurudisha miaka kumi na minane isiyo yake.