Bahasha Yenye Kidole cha Shangazi

Isevya, Tabora
12 Januari 1974

Kwa binamu yangu Twalibu,

Salamu zangu zikukute mzima huko Nzega, na kikohozi kiwe kimekuacha. Mimi mzima, cherehani nayo inakwenda ingawa pedali inalia. Mama yuko kwake Itundilo, magoti yanamsumbua kidogo. Anauliza ni ofisi gani hiyo inayomzuia mtu kumwamkia shangazi yake tangu Idi.

Sasa tuje kwenye utemi wetu, mchezo wetu wa barua. Zamu yako nimeipata. Unasema umefungua vijiji viwili vya "wakulima tu". Wakulima gani, Twalibu, wanaojenga ukingoni mwa mto wangu, mwendo wa siku moja kutoka ikulu yangu, na nyuma yako una nchi tupu mpaka Bagamoyo? Sikuzaliwa jana.

Nakukumbusha tulivyopatana mwaka ule wa bendera ya uhuru, tukiwa watoto wa shule na karatasi yetu ya miraba. Nusu ya mashariki ulichora wewe, nusu ya magharibi nilichora mimi, kila mmoja kwa siri. Tukabakiza nakala, tukafunga michoro ndani ya bahasha, Mama akabonyeza kidole gumba kwenye nta ya nyuki, tukabadilishana. Yako ninayo mimi, yangu unayo wewe. Anayefungua kabla mchezo haujaisha ameshindwa. Anayetaka kujua mraba una nini humuuliza aliyeuchora, naye hujibu kweli. Juu ya nia zetu kila mtu na ujanja wake. Juu ya ardhi hakuna uongo.

Napendekeza tuchanjiane damu kama watu wa misafara ya zamani: mto uwe mpaka, msafara wako upite kwangu salama na wangu kwako. Zamu yangu: nimechimba visima viwili, na nimetuma watu ishirini kusini. Kusini wapi, utajua wakifika.

Binamu yako na mtani wako,
Siwema

Nzega
2 Februari 1974

Binamu Siwema,

Natumaini u mzima na pedali imepata mafuta. Mimi sijambo, nalamba asali na ndimu kila asubuhi. Mfikishie shangazi shikamoo zangu zote nilizolimbikiza tangu Idi. Mwambie kidole chake kiko salama ndani ya sanduku langu la bati chini ya kitanda, nta haina ufa hata mmoja.

Nimekubali tuchanjiane. Mto ni mpaka. Ila habari za hao ishirini wa kusini zimenifikia, kwa hiyo nimeweka walinzi kumi kivukoni. Ni kwa ajili ya mamba.

Swali la ardhi: mraba wa F9 una nini? Nina watu arobaini wako njiani, na unajua sheria, kijiji kisicho na maji hakimalizi zamu moja.

Kazini nimepewa pikipiki na wapimaji wawili. Tunachora vijiji vipya vya ujamaa. Watu wameanza kuniita Bwana Ramani, nami naitika.

Binamu yako,
Twalibu

Isevya
15 Februari 1974

Bwana Ramani,

Hujambo na pikipiki yako? Sisi wazima. Mama amezipokea shikamoo, anasema marahaba, ila zimechacha kidogo.

F9 kuna chemchemi chini ya mninga mkubwa. Maji matamu, hayakauki. Wapeleke watu wako wakapumzike.

Zamu yangu: nimetuma msafara wa chumvi upite kivukoni kwako, kwa amani.

Mtani wako,
Siwema

Nzega
8 Machi 1974

Binamu,

Salamu kwenu. Huku mvua imezidi, pikipiki ilizama nikaisukuma nusu siku. Vinginevyo sijambo.

Ahsante kwa F9. Nimewaweka wote arobaini, na nimehamishia huko ghala langu la nafaka. Msafara wako umepita salama mbele ya walinzi wangu thelathini.

Twalibu

Isevya
30 Machi 1974

Binamu yangu mpenzi,

Kama hujakaa, kaa. Afya zetu njema, na yako naiombea, maana utaihitaji.

F9 hakuna chemchemi. Ni mawe matupu, na pembeni nilichora fisi. Watu wako arobaini wamekwisha kwa kiu, ghala limeliwa na mchwa, na njia ya kusini sasa ni yangu.

Usinililie. Februari uliandika walinzi kumi, Machi ukajisahau ukaandika thelathini. Mamba gani wanahitaji walinzi thelathini? Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu, nami nimejikuna mapema. Cherehani ilisimama kutwa nzima kwa nilivyocheka. Mtani hakasirikiwi, unajua.

Mshindi wako,
Siwema

Nzega
21 Aprili 1974

Binamu Siwema,

Natumaini mu wazima. Mimi ni mzima.

Nimecheka, kwa kuwa mila inanitaka nicheke. Lakini juu ya walinzi nilidanganya nia, na nia ni ruhusa. Wewe umedanganya ardhi. Kilikuwa kitu kimoja tu tulichokiwekea mpaka, na shangazi alitushuhudia kwa kidole chake. Kuanzia leo ukiniambia jua limechomoza mashariki, nitatoka nje kutazama.

Nina habari kubwa zaidi. Nimekabidhiwa eneo la kwenu. Itundilo na vitongoji vitatu vinaunganishwa kuwa kijiji kimoja, kaya mia na themanini, na mahali nachagua mimi. Nimeshaona: Ikonongo. Ni tambarare, barabara iko karibu, na ramani inaonyesha mto. Shule itakaa katikati, zahanati kulia, mistari ya nyumba iliyonyooka. Mwambie shangazi atapata nyumba mstari wa kwanza. Watu watahama Julai.

Zamu yangu ya utemi nitaituma nikipata nafasi.

Twalibu

Isevya
2 Mei 1974

Twalibu ndugu yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Haina utani ndani yake. Sijui niiandike vipi ili uione tofauti, maana maisha yetu yote sijakuandikia kwa namna nyingine.

Usiwapeleke watu Ikonongo. Ule si mto, ni mkondo wa mvua. Ikonongo ni mbuga ya udongo mweusi. Wewe ulikuwa unakuja likizo ya Desemba tu, ukapaona pamejaa maji na vyura, tukaoga. Hukupaona Oktoba. Oktoba ardhi inapasuka mpaka mguu wa ng'ombe unazama kwenye ufa, na visima vinatoa maji ya magadi kisha havitoi kitu. Wapeleke kilimani Nkwale. Njia ni mbaya, lakini kisima cha Nkwale hakijakauka tangu Mama aolewe.

Najua hutaniamini, na kosa ni langu la F9. Kwa hiyo fanya hivi. Nusu yangu ya ramani sikuibuni kichwani kama wewe na maziwa yako. Niliichora kwa kufuata nchi ya kwetu, kila mraba una mahali pake pa kweli, Mama akinitajia mimi naandika. Ikonongo ni D4. Imo ndani ya bahasha unayoilalia wewe, imefungwa tangu mwaka wa uhuru, siwezi kuwa nimeibadilisha. Nakubali nimeshindwa. Chukua mto, chukua ikulu, chukua nchi yote. Mchezo umekwisha. Fungua bahasha.

Binamu yako,
Siwema

Nzega
26 Mei 1974

Binamu Siwema,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo, ila nimechoka.

Nilikwenda Ikonongo mwenyewe tarehe kumi na nane. Wapimaji wangu walichimba, na kwa futi tisa tu tukapata maji. Nimeyanywa. Ni matamu.

Wazee wa Itundilo waliniambia maneno yale yale ya kwako, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja. Nikauliza kila mmoja shamba lake liko wapi. Hakuna hata mmoja anayepinga Ikonongo asiye na shamba asilotaka kuliacha. Shangazi ana mihogo yake na ekari mbili za pamba, na Nkwale iko nusu maili kutoka mlangoni kwake. Wewe ni mwanawe, sikulaumu.

Bahasha sifungui. Mtu anayeongoza mchezo kama wewe hasalimu amri, Siwema. Nikifungua utaniandikia kwamba nimevunja nta na nimeshindwa, na mafundi wote wa Isevya watanicheka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Zamu yangu: nimevuka mto.

Twalibu

Isevya
9 Juni 1974

Twalibu,

Salaam. Mei kila mtu hupata maji Ikonongo.

Nimetawadha, nimeshika Msahafu, nakuapia kwamba nisemayo ni kweli. Sina kiapo kingine.

Nilikwenda kwa Mama nikamtaka aje akae nami hapa mjini. Amekataa. Amesema pia niache kukusumbua juu ya maji, kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kumpeleka mahali pabaya. Ameshafunga vyungu vyake.

Nijibu.

Siwema

Isevya
3 Novemba 1974

Twalibu,

Tulimzika Mama Alhamisi, Itundilo, kando ya baba.

Kisima chenu cha futi tisa kilianza kutoa tope Agosti. Septemba mbuzi waliyakataa maji yake. Oktoba ndoo ikawa inapanda na vumbi. Watu wa mistari iliyonyooka wakawa wanarudi kuchota visima vya zamani, maili sita kwenda na sita kurudi. Nilimtumia Mama nauli mara mbili aje kwangu. Zote mbili aliwapa wenzake wenye watoto wadogo.

Jumatano alitoka alfajiri na Sikuzani, jirani yake wa mstari wa kwanza. Wakati wa kurudi alimwambia Sikuzani atangulie, yeye anapumzisha magoti. Sikuzani aliporudi kumtazama alimkuta amekaa vilevile kando ya njia. Ndoo ilikuwa imejaa, ameifunika majani, na hakuna tone lililomwagika.

Sikukuita. Mtani huitwa msibani ili afanye mizaha, wafiwa wacheke kidogo. Mimi sikutaka kucheka.

Siwema

Nzega
17 Novemba 1974

Siwema,

Sijui nikusalimu vipi. Kikohozi kimerudi, lakini hilo si la kuandika.

Barua yako ya Juni niliipata. Niliisoma na kuiweka sandukuni, juu ya bahasha. Nilijiambia hata kiapo anaweza kukitumia mtu aliyebanwa. Nilikudhania hivyo, wewe, na Msahafu mkononi. Ukweli ni kwamba niliogopa kushindwa. Nilikuwa na kijiji cha kaya mia na themanini mkononi, na nilikuwa nawaza jinsi utakavyocheka.

Siku barua yako ya msiba ilipofika niliifungua bahasha. Ni mwandiko wako wa shule, ule wa kulalia kushoto. F9 umeandika "mawe", na fisi yupo, amechorwa miguu mitano. D4 umeandika: "Ikonongo. Maji ya masika tu. Mama asema tusijenge hapa." Mraba wa pembeni yake: "Nkwale. Kisima hakikauki." Miaka kumi na mitatu nimelala juu ya maneno hayo.

Nimeandika ripoti kwamba mahali nilichagua vibaya, watu wahamishiwe Nkwale kabla mvua haijafunga njia. Nimeipeleka kwa mkono wangu. Wakubwa wangu waliisoma, wakatazamana, kisha wakaniuliza kama nina ndugu kule. Nikasema nilikuwa naye. Sasa wananichunguza mimi, na ripoti imewekwa kando. Nitaiandika tena kesho, na keshokutwa.

Nta sikuivunja. Nilikata karatasi pembeni kwa wembe, kidole cha shangazi kiko kizima, mistari yote inaonekana. Hicho ni chako, si changu. Nitakileta Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ukinifungia mlango nitakiacha kizingitini, nimekifunga kwa kitambaa ili jua lisikiyeyushe.

Mtoto wa kaka yake,
Twalibu